Kutoka Mtungini hadi Mezani: Historia ya Vilabu na Mikahawa ya Mara

Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius K. Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Katika hotuba hiyo alisikitika kwamba wengi wetu tuliopitia shule za kikoloni tulizijua ngoma za Ulaya kuliko ngoma za kwetu. Tangu siku hiyo mengi mema yameandikwa juu ya ngoma, mashairi na uchongaji wa mababu. Lakini ngoma haichezwi hewani. Huchezwa mahali, na mahali hapo watu hula na kunywa. Juu ya mahali hapo, ambapo mtu huketi bega kwa bega na jirani asiye wa ukoo wake, wino uliomwagika ni haba.

Katika insha hii tunakusudia kueleza jinsi makaribisho ya nyumbani yalivyogeuka kuwa makaribisho ya mjini katika Mkoa wa Mara. Tutaanzia Butiama, tuteremke Musoma hadi ufukweni, kisha tuishie Bunda penye barabara kuu. Hatuandiki ili kuusifu ulevi, ambao madhara yake kila mwalimu anayajua kwa sura za wanafunzi wake wanaokuja shuleni bila daftari. Tunaandika kwa sababu taifa linalosahau mahali lilipokuwa likiketi halitajua limeinuka kutoka wapi.

Butiama wengi huijua kwa jina la Mwalimu, aliyezaliwa hapo Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na aliyezikwa hapo mwaka 1999. Lakini kabla ya kuwa mahali pa kuhiji kwa wapenda historia, Butiama ilikuwa kijiji cha wakulima na wafugaji kama vijiji vingine vya Wazanaki, Waikizu na Wakurya. Katika vijiji hivyo pombe ya nafaka haikuwa bidhaa. Ilikuwa malipo ya shukrani kwa waliokuja kusaidia kulima, kitulizo cha msiba, muhuri wa ndoa na sadaka ya mizimu. Kazi ya kuitengeneza ilikuwa ya akina mama, nayo ilihitaji subira. Ulezi au mtama ulilowekwa hata ukachipua, ukaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Unga mwingine ulikorogwa na maji na kuachwa uchachuke, kisha ukakaangwa hata ukawa na rangi ya udongo, na mwisho vyote viwili vikachanganywa mtungini. Siku kadhaa zilipita kabla ya mtu kuonja.

Mtungi uliwekwa katikati, na wazee wakauzunguka kwa mirija mirefu. Hapo palikuwa na sheria isiyoandikwa. Hakuna aliyekunywa peke yake, kwani anayekunywa peke yake alidhaniwa ana la kuficha. Aliyezidiwa alionekana na wote, akazuiwa na wenzake. Vijana hawakuketi na wazee mtungini. Zamu yao ilikuwa kuchunga, kulinda na kusikiliza kwa mbali. Mgeni alipewa mrija bila kuulizwa ana nini mfukoni. Methali isemayo kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ambayo Mwalimu aliitumia katika kuufafanua Ujamaa mwaka 1962, ilieleza pande zote mbili za desturi hii: ukarimu kwanza, wajibu baadaye.

Hata hivyo, tusiipambe desturi kupita kiasi. Mtungi ulikuwa na ubaguzi wake. Mwanamke aliyeikesha pombe hiyo usiku kucha hakuwa na kiti cha mbele pale iliponywewa, na kijana mwenye fikra njema hakuwa na mahali pa kuzitoa. Jambo hili tuliweke akilini, maana litatusaidia kuelewa kwa nini watu walipopata mahali pengine pa kuketi walikwenda kwa furaha.

Mwaka 1934 Mwalimu, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alitoka Butiama kwenda kuanza masomo Musoma katika shule ya Mwisenge, mwendo wa kilometa zipatazo 40. Njia ile ya mtoto wa shule ilikuwa pia njia ya watu wengi wa kizazi chake, waliokwenda Musoma kutafuta karatasi, chumvi, nguo na fedha ya kodi. Musoma ni mji wa bandari katika Ziwa Viktoria. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, vyombo vya ziwani vilianza kusambaza bidhaa za reli katika bandari za ziwa lote, nayo Musoma ikapata mgawo wake wa sukari, majani ya chai na unga wa ngano. Pamoja na bidhaa hizo walikuja wenye maduka, Wahindi na Waarabu, na maarifa ya chapati, mandazi na chai ya maziwa.

Hapo ndipo lilipoingia jambo jipya katika maisha ya mtu wa Mara: kununua chakula kilichopikwa. Mababu zetu wangeshangaa kuambiwa kwamba mtu mwenye njaa aonyeshe sarafu kwanza. Lakini mpagazi, karani, askari na mvuvi wa mbali hawakuwa na mama wala shangazi mjini. Waliuhitaji mkahawa, na jina lenyewe, lililotokana na kahawa, lilisafiri kutoka pwani pamoja na lugha ya Kiswahili. Waliuita pia hoteli, na hadi leo mwananchi akisema anakwenda hotelini kwa kawaida ana maana ya kwenda kula, siyo kulala. Katika benchi la mkahawa Mkwaya, Mjita, Mjaluo na Mkurya walilazimika kutumia lugha moja ili waombe chumvi. Tunathubutu kusema kwamba Kiswahili cha Mara kilifundishwa na benchi hilo sawasawa na kilivyofundishwa na ubao wa darasani.

Upande wa bara, machimbo ya dhahabu ya Kiabakari na Buhemba, yasiyo mbali na Butiama, yaliwakusanya vibarua wa mshahara wakati wa utawala wa Waingereza. Palipo na mshahara pana mnunuzi. Basi mtungi uliokuwa ukitolewa bure ukaanza kupimwa kwa kopo na kuuzwa kwa senti. Wapo wazee waliolia kwamba ulimwengu umeharibika. Lakini mwanamke aliyekuwa akipika pombe kwa ajili ya heshima ya mumewe, sasa alishika fedha yake mwenyewe mkononi kwa mara ya kwanza. Fedha hiyo ililipa kodi ya nyumba, ikanunua nguo, na kwa wengi ikalipa karo.

Wakoloni hawakuliacha jambo hilo lijiendee. Mkataba wa Saint-Germain wa tarehe 10 Septemba 1919 uliwekea mipaka biashara ya vileo vikali katika Afrika, na serikali za kikoloni zikautumia kumpangia kila mtu kinywaji chake kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikuwa na klabu yake yenye viti vya kamba na vinywaji vya chupa. Mwafrika alipewa jengo la wazi lenye paa la bati, ambapo pombe ya kienyeji iliuzwa kwa kibali na ushuru ukakusanywa. Kejeli ya historia ni kwamba jengo hilo nalo liliitwa kilabu, neno lile lile lililobadilika kidogo mdomoni. Baada ya Vita Kuu ya Pili masharti hayo yalilegezwa hatua kwa hatua, lakini fikra kwamba chupa ni ya mtu mkubwa na kopo ni la mtu mdogo ilibaki vichwani. Msomaji ajichunguze kama imekwisha kutoka.

Uhuru ulipokuja, Waafrika waliingia katika baa kwa mlango wa mbele. Bendi za dansi kama Musoma Jazz na Mara Jazz ziliupa mkoa sauti yake, na magitaa yakakaa jirani na litungu la Wakurya na nyatiti ya Wajaluo. Serikali ilipitisha sheria ya kudhibiti uzalishaji wa moshi, yaani gongo, mwaka 1966, na sheria ya vileo mwaka 1968. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kiwanda cha bia kiliingia mikononi mwa umma, kikabaki humo hadi mwaka 1993 kilipopata mbia kutoka Afrika ya Kusini. Katika miaka ya uhaba iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, sabuni na bia vilikuwa adimu pamoja. Sisi tuliokuwa watoto wa shule wakati huo tunakumbuka chai ya chumvi. Tunakumbuka pia kwamba vilabu vya pombe ya kienyeji havikufungwa kwa uhaba, kwani ulezi haukuhitaji fedha za kigeni.

Tulipohamishiwa Musoma katika utumishi wa Serikali, miaka ya 1990, tulikuwa vijana tusio na jiko. Jioni tulizoea kutembea kutoka Mukendo kwenda Nyasho, na siku nyingine kuteremka Mwigobero, mahali ambapo mitumbwi ya Kinesi hutia nanga na samaki huuzwa wangali wakipiga mikia. Hapo tulilishwa na wanawake ambao watu huwaita mama ntilie, jina lililotokana na ombi la mlaji anayenyoosha sahani, na ambao kwa heshima zaidi huitwa mama lishe. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo au wa mtama, dagaa, sato na mboga za majani. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa na daftari la madeni lenye majina yetu. Ukutani alibandika ule usemi kwamba kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hatukumwona akimnyima sahani kibarua aliyekosa kazi siku hiyo. Alimwambia tu, "Kaa, mwanangu, ule, kesho Mungu akijalia utanikumbuka." Mlevi aliyekuja kufanya fujo alimwondoa kwa kauli moja, naye aliondoka ameinamisha kichwa kama aliyekaripiwa na mama yake mzazi.

Sahani hiyo pia ina historia yake. Wazee wa Mwigobero walikulia furu, samaki wadogo wa aina nyingi waliojaa ziwani. Samaki aitwaye sangara aliingizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ametawala maji, na aina nyingi za furu zikatoweka. Katika miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilifanya kazi Mwanza na Musoma. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, na mifupa yenye vichwa, iliyoitwa mapanki, ikarudi kwa wananchi. Mama lishe aliikaanga kwa ustadi hata mlaji akasahau kwamba anakula mabaki. Tunamsifu kwa ustadi huo, lakini hatuna budi kuuliza ni haki gani ile iliyomfanya mwenye ziwa ale mifupa.

Bunda, kituo chetu cha mwisho, ni mji wa barabara. Magari ya Mwanza, Musoma na Sirari hupita hapo, na njia ya Ukerewe huchepukia hapo kuelekea Kisorya. Abiria hana muda wa daftari wala wa kujuana, hununua samaki wa kukaanga au mahindi ya kuchoma dirishani na kuondoka. Lakini ukiiacha barabara kuu, ukaingia mitaani jioni wakulima wa pamba wanaporudi mashambani, utakuta makopo yanazunguka na bao limetandazwa, na mtu akikaribishwa kwa kusogezewa benchi. Katika matembezi ya jioni moja tu mji wa Bunda hukuonyesha nyakati mbili, ule wa haraka na ule wa mtungi.

Basi tumejifunza nini? Mtungi ulikuwa na kiasi lakini haukuwa na usawa. Kaunta ya baa ilileta usawa, kwa kuwa humpa kinywaji yeyote mwenye fedha, lakini ilipoteza kiasi, kwani mwenye baa hana mamlaka ya mzee wala huruma ya jirani. Meza ya mama lishe ndiyo iliyojaribu kuvishika vyote viwili. Huketi hapo mkubwa na mdogo, mwanamume na mwanamke, mtu wa kabila hili na lile, na bado yupo anayewajua kwa majina na anayethubutu kuwaonya. Kama tunatafuta mahali ambapo ukarimu wa kale umehamia mjini bila kufa, tusitafute katika majumba ya makumbusho peke yake.

Lakini meza hiyo haina hati. Mji unapopangwa upya, yeye ndiye wa kwanza kuambiwa ahame, na vitabu vya utamaduni vinapoandikwa, yeye ndiye wa mwisho kukumbukwa. Kwa hiyo tunawaomba walimu wa Mara na wa mikoa mingine wawatume wanafunzi wao, kalamu mkononi, wakawaulize akina mama hawa na wazee waliobaki wa mtungi: nani aliketi wapi, nani alinyimwa, nani alilipiwa, na karo ya nani ilitoka katika jiko lile. Huenda baadhi ya wanafunzi wakakuta kwamba karo hiyo ilikuwa ya baba zao.