Kidhibiti cha kuzuia mabomba ya maji kuganda

Kidhibiti cha kuzuia mabomba kuganda ni kifaa cha elektroniki, mara nyingi cha kujiundia nyumbani, kinachopima joto la bomba na kuwasha waya wa kulipasha moto kabla maji hayajageuka barafu. Hutumika katika nchi za baridi kali, hasa kwenye nyumba za likizo, mabanda ya mifugo na dari zisizopashwa joto.

Maji yakiganda, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Hata hivyo, kwa kawaida bomba halipasuliwi na barafu kulisukuma pale pale ilipo. Barafu hukaa ndani kama kizibo, kisha huendelea kukua na kuyabana maji yaliyo kati yake na koki iliyofungwa. Shinikizo hupanda hadi bomba lipasuke, aghalabu mahali pasipo na barafu, na ndiyo maana koki iliyoachwa idondoshe maji huliokoa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois ulionyesha kuwa mabomba ya darini yasiyofunikwa huingia hatarini joto la nje likishuka hadi −7 °C hivi. Februari 2021 mji wa Dallas, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ulifikia −19 °C, na kote jimboni nyumba nyingi zilifurika mabomba yalipopasuka.

Kifaa chenyewe si kigumu kuunda. Kihisi joto cha DS18B20, chenye kikinza cha kiloomu 4.7 kwenye waya wa data, huunganishwa na bodi ndogo kama Arduino, iliyobuniwa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Bodi huendesha rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, nayo rilei huwasha waya wa joto. Programu inaweza kuwasha kwenye 3 °C na kuzima kwenye 6 °C. Pengo hilo huizuia rilei kuwaka na kuzima mfululizo. Kihisi hufungwa juu ya bomba lenyewe, sehemu yenye baridi zaidi, mbali na waya wa joto.

Ubora wa kidhibiti hupimwa kwa namna kinavyoharibika. DS18B20 hutoa 85 °C inapopata umeme, kabla ya kipimo cha kwanza. Programu ikiiamini namba hiyo itazima joto usiku wenye baridi kali zaidi. Kipimo kisichowezekana kichukuliwe kuwa hitilafu, na joto liwashwe. Vivyo hivyo, waya wa joto uunganishwe kwenye mguso wa rilei unaobaki umefungwa rilei isipopata umeme, ili bodi ikifa joto liendelee. Kwa mpangilio huo utumike waya unaojipunguzia nguvu wenyewe unapopata moto, vinginevyo ni hatari ya kuungua.

Umeme wa nyumba uunganishwe na fundi mwenye leseni, kupitia swichi inayokata umeme unapovuja. Umeme ukikatika kabisa usikitegemee kifaa hiki: funga vali kuu, fungua koki zote, acha mabomba yamwage maji yote.