Shopping Meru na Embu: Soko za Kuingia na Vile Utajua Hujachezwa

Kama wewe ni wale hufikiria Meru ni miraa tu, na Embu ni mahali mathree inasimama mkule mahindi choma, kaa hapa kidogo. Waru, ndizi na ndengu kibao unazoona Nairobi zinatoka huku. Na wasee wengi wanaanza hustle ya kibanda kwa kukuja kununua stock wenyewe. Shida ni moja: unafika na thao zako tano, unauliza bei, unafurahi, halafu ukifika nyumbani hesabu inakataa. Huku, kabla ya bei, uliza kipimo.

Meru Town, anzia Gakoromone. Hiyo ndio soko ya kila kitu: waru, ndizi, kabeji, karoti, mboga, parachichi, mpaka mitumba. Kukuja saa nne ukijiita mapema ni kujidanganya. Wenye kununua jumla huwa washafunga kazi, na kinachobaki kimepitia mikono mbili tatu. Kama unanunua ya nyumbani tu, hiyo saa nne iko sawa. Salimia na "muga", ukipewa nyongeza sema "ibwega". Haishushi bei sana lakini mama ataacha kukuongelesha kama mtu wa Nairobi.

Waru nyingi hapo zinatoka Kibirichia na upande wa Timau, na aina utakayoambiwa ni shangi. Shangi inaiva haraka na ni tamu kwa chips, ila inachipuka haraka pia, kwa hivyo usinunue ya mwezi mzima. Sasa gunia. Kanuni za 2019 zinasema mfuko wa waru usizidi kilo 50, lakini bado utakutana na lile la kuongezewa kichwa kwa wavu, linaitwa mukorino juu linakaa kilemba. Mkulima analipwa kama ameuza gunia moja. Ukinunua hiyo ndio uuze kwa kilo, unapata faida, sawa, lakini ujue imetoka kwa mfuko wa nani. Mimi niliwahi kununua gunia lenye waru safi juu na zilizooza katikati. Siku hizi namwambia muuzaji alimwage chini mbele yangu. Akikataa, naenda kwa jirani.

Ndizi, shuka Nkubu ama Mitunguu, upande wa Imenti Kusini. Hapa mkungu unauzwa kwa macho. Broka anauangalia, anataja bei, kwisha. Mkungu mnene wenye vidole vifupi unaweza kuwa na uzito kuliko ule mrefu wa kupendeza, na jicho la mgeni halijui. Beba mzani mdogo wa kuning'iniza. Kuna wakulima watafurahi ukipima, kwa sababu wao pia wamechoka kukadiriwa.

Miraa ni Igembe: Maua, Laare, Kangeta. Hapa ndio utaona mchanganyiko wa watu kwa ukweli. Wameru wanavuna, Wasomali wamekuwa kwa hii biashara miaka mingi, na kwenye barabara moja utasikia Kimeru, Kisomali na Kiswahili kabla hujamaliza chai. Kipimo ni shurba, na shurba kumi zinafanya bunda, zimefungwa kwa majani ya mgomba zisikauke. Usinunue ya jana. Nguvu ya miraa inaanza kuisha ndani ya siku mbili hivi, ndio maana zile pickup zinapaa barabarani kama zimefukuzwa. Na usijaribu kuvuka nayo kuenda Tanzania, huko mirungi ni dawa za kulevya kisheria. Uingereza nayo ilipiga marufuku Juni 2014, na Maua iliumia kwa mfuko.

Ukiwa na siku ya ziada, panda gari ya Isiolo, kama saa moja kutoka Meru. Si Meru tena, lakini ukitaka maziwa ya ngamia, susa, ama nyirinyiri, hapo ndio base. Kina mama wa ushirika wa Anolei ndio wanapeleka maziwa mpaka Nairobi.

Tugeuke Embu. Soko ya town ni ndogo kuliko Gakoromone lakini imetulia, na kwa mtu wa kununua ya wiki naipenda zaidi. Ya maana iko chini Mbeere: Siakago, Kiritiri, Ishiara. Huko ni jua, na jua linaleta ndengu, kunde, asali na maembe, maembe hasa kuanzia Desemba. Ndengu zinapimwa kwa gorogoro. Geuza hiyo mkebe uangalie kitako. Ukipata imebonyezwa kwa ndani, unalipia hewa. Wenye wanajua hubeba mkebe yao na hakuna mtu hukasirika, wanacheka tu.

Muguka pia ni ya Mbeere, majani matupu yanauzwa kwa mfuko, watu wanatafuna na njugu ama Big G. Mei 2024 kaunti za Pwani zilipoipiga marufuku, Mahakama Kuu ya Embu ilisimamisha amri za Mombasa na Kilifi, kwa hivyo usishangae ukimuuliza muuzaji kuhusu Pwani akuongeleshe nusu saa.

Supamaketi sitaongelea, ni zile zile za kwenu.

Ukirudi Nairobi kwa barabara ya Embu utapita Wang'uru, Mwea, na hapo kila mtu anakuuzia pishori. Ingine imechanganywa na mchele wa nje. Chukua ngumi moja, pulizia pumzi ya joto, nusa. Pishori inanukia hata kabla ya kuona sufuria. Isiponukia, rudisha kwa gunia na ujaribu duka lingine, ziko nyingi kwa hiyo barabara.