Dhoruba Mbili za Ubena: Imani si Hirizi





Injili ya Dominika ya 12 ya Mwaka B (Mk 4:35-41) tunaijua sote: bahari inachafuka, mawimbi yanaingia chomboni, Bwana amelala shetrini juu ya mto, na wanafunzi wanamwamsha kwa kilio ambacho ndani yake mna lawama. Lakini Mtakatifu Marko ameweka pale jambo dogo ambalo wengi wetu tunalipita bila kulitazama. Anaandika kwamba mashua ile haikuwa peke yake. Zilikuwapo na mashua nyingine zilizofuatana na Yesu. Upepo uliwapiga wote. Na Bwana alipoukemea upepo, utulivu uliwafikia wote, hata wale ambao hawakuwa naye katika chombo kimoja.

Juma hili napenda tuitazame mojawapo ya mashua hizo nyingine. Ni Kidugala, katika Wilaya ya Wanging'ombe ya leo, si mbali na Makambako. Kidugala si misioni yetu Wakatoliki. Ilianzishwa na Walutheri wa Shirika la Berlin, walioanza kazi kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakapanda hadi Ukinga na Ubena kabla karne ya 19 haijaisha. Kidugala, Yakobi, Lupembe na Ilembula ni majina yanayotamkwa kwa heshima katika kila nyumba ya ndugu zetu hao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya ekumene ya mwaka 1964, unatufundisha kuyatambua kwa furaha mema ya Kristo yaliyomo kwa ndugu zetu waliojitenga nasi. Basi na tujifunze kwao, kwani dhoruba zilizowapiga wao zilitupiga na sisi.

Dhoruba ya kwanza: mwaka 1905

Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waling'oa pamba ya serikali ya Kijerumani. Tusiwahukumu haraka. Walikuwa wamelimishwa kwa kulazimishwa, wametozwa kodi, wamepigwa viboko mbele ya watoto wao. Kilio chao kilikuwa kilio cha haki, na Mungu aliyesikia kilio cha Waisraeli huko Misri hakuwa kiziwi kwa Wamatumbi.

Huko Ngarambe alikuwapo Kinjikitile Ngwale, aliyegawa dawa ya maji. Ahadi ya dawa ile ilikuwa kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka kuwa maji na kutiririka mwilini bila kudhuru. Serikali ilimnyonga Kinjikitile mwanzoni mwa Agosti 1905, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuvuka mito na milima. Yaliwaunganisha watu wa makabila mengi ambao awali hawakuwa na neno moja, na kwa hilo taifa letu linawaheshimu hadi leo. Hata hivyo ahadi yenyewe ilikuwa ya uongo. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu waliikabili boma ya Mahenge wakiwa na tumaini hilo, na bunduki za mtombo ziliwaangusha kwa mamia.

Tarehe 19 Septemba 1905 vita vilifika kwetu. Wapiganaji wa Kibena wa mtemi Mbeyela waliishambulia misioni ya Yakobi, karibu na Njombe. Ndani yake alikuwamo mmisionari Paul Gröschel pamoja na Wakristo wachache. Nao walikuwa Wabena, ndugu wa damu wa wale waliokuwa nje. Misioni haikuanguka. Wapiganaji wengi walianguka, na maji hayakuwalinda.

Hapo mhubiri mwenye haraka angehitimisha hivi: walioamini maji walikufa, walioamini Kristo walipona. La hasha, wapendwa! Historia haituruhusu kusema hivyo.

Mwezi mmoja kabla, tarehe 14 Agosti 1905, Askofu Cassian Spiss wa Shirika la Wabenediktini, ambaye mwaka 1898 aliianzisha misioni ya Peramiho, alikuwa safarini kutoka Kilwa kwenda Peramiho. Alikuwa na mabruda wawili na masista wawili. Wote watano waliuawa huko Mikukuyumbu, karibu na Liwale. Mwezi uliofuata Peramiho yenyewe ikateketezwa kwa moto. Watu hao walisali asubuhi na jioni. Walibeba msalaba na rozari. Risasi na mikuki haikugeuka maji mbele yao pia.

Tena tuseme ukweli wote. Yakobi iliokolewa na bunduki, kama jicho la kibinadamu lionavyo. Wamisionari, wa Berlin na wetu vilevile, waliishi chini ya ulinzi wa serikali iliyokuwa inawaonea watu, na wengi machoni pa wananchi hawakuweza kutenganishwa na serikali hiyo. Baada ya vita majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji na maghala ya chakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Serikali ilikadiria waliokufa kuwa 75,000; wanahistoria wa baadaye wamesema huenda walifika 250,000 au zaidi. Asiwepo Mkristo wa kusema kwamba Mungu alikuwa upande wa bunduki zile.

Alikuwa wapi basi? Tunaona dalili moja huko Songea. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa. Kabla ya siku hiyo Padre Johannes Häfliger, Mbenediktini wa Kigonsera, aliingia gerezani, akakaa nao, akawafundisha, na baadhi yao wakapokea ubatizo. Fikirini: maji kwa mara ya pili! Maji ya kwanza yaliwaahidi kwamba hawatakufa. Maji ya pili yalimiminwa juu ya vichwa vya watu waliojua kwa hakika kwamba watakufa. Hayakuwafungua minyororo wala kuikata kamba. Yaliwaahidi jambo jingine: kwamba hawatakufa peke yao, na kwamba kifo hakitakuwa na neno la mwisho.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya hirizi na imani. Hirizi huahidi kwamba dhoruba haitakugusa. Imani huahidi kwamba Bwana yumo mashuani.

Dhoruba ya pili: mwaka 1916

Miaka 11 baada ya Yakobi, mawimbi yalirudi. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia Ubena kutoka upande wa Nyasa. Mwezi Novemba 1916 Lupembe ilizingirwa, na kikosi cha Wajerumani kikasalimu amri huko Ilembula. Majeshi ya pande zote mbili yalihitaji chakula na wapagazi, na yote mawili yalichukuliwa kwa wananchi. Kisha wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Kidugala, Yakobi na misioni nyingine wakabaki bila wachungaji wao. Na sisi hatukusalimika: Wabenediktini Wajerumani wa Ungoni nao waliondolewa. Vita ilipoisha, ikaja homa kali ya mafua ya miaka ya 1918 na 1919.

Safari hii hapakuwa na bunduki ya mmisionari wala boma la kukimbilia. Yeyote aliyekuwa Mkristo kwa sababu ya nguvu za Mzungu alikuwa na kila sababu ya kuacha. Kwa akili ya kibinadamu, Kanisa la Ubena lingepaswa kuzama.

Halikuzama. Walimu na wazee wa Kanisa, wale ambao kumbukumbu za wamisionari ziliwaita wasaidizi tu, waliendelea. Walikusanya watu, wakafundisha watoto, wakasali na wagonjwa, wakazika wafu. Kwa upande wetu makatekista walifanya vivyo hivyo: rozari ilisaliwa, watoto walibatizwa katika hatari ya kifo, Dominika ilitunzwa ingawa hapakuwa na Misa. Baadaye Waskoti wa Livingstonia walikuja kuwasaidia Walutheri, na Wabenediktini wengine, akiwamo Gallus Steiger kutoka Uswisi, walifika kuiinua tena Peramiho. Berlin walirudi katikati ya miaka ya 1920. Walirudi kwenye Kanisa lililokuwa hai. Vita ya mwaka 1939 ilipowaondoa tena wamisionari wa Kijerumani, watu wa Kidugala walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba anayeondoka ni mmisionari, siyo Kristo. Leo Kidugala ina seminari yake, nasi tangu mwaka 1968 tuna Jimbo letu la Njombe.

Wapendwa, naona tumaini la kweli la watu wale liko hapa: hawakukaa wakingoja muujiza. Walimtumaini Mungu wakiwa kazini. Someni wenyewe Matendo ya Mitume sura ya 27. Mtakatifu Paulo yumo katika meli inayopigwa na tufani kwa siku 14. Anapokea ahadi ya Mungu kwamba hakuna atakayepotea. Je, anakaa tu? La. Anawazuia mabaharia wasitoroke kwa mtumbwi, anawahimiza watu wale chakula, na shehena inatupwa baharini. Mwishowe watu wote 276 wanafika nchi kavu, wengine juu ya mbao. Lakini meli yenyewe inavunjika! Mungu aliwaokoa watu, meli hakuiokoa. Mara nyingi sisi tunalia kwa ajili ya meli, yaani mali, kazi na heshima, na kumbe Mungu anatuhesabu sisi mmoja mmoja.

Dhoruba yetu

Nimeandika historia hii si kwa ajili ya kuwafurahisha wapenda historia. Nimeiandika kwa sababu maji ya Ngarambe yangali yanauzwa.

Waswahili husema, mfa maji haachi kutapatapa. Mwenye mgonjwa asiyepona, mwenye shamba lililokauka, kijana asiye na kazi, wote wako tayari kununua ahadi yoyote. Na wauzaji hawakosekani. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako. Hawakuwa wapumbavu, walikuwa watu wenye dhiki. Waliwahiwa na ahadi ileile ya mwaka 1905: shika hiki, na baya halitakugusa.

Hapa kwetu tuna jeraha baya zaidi. Mwishoni mwa mwaka 2018 na mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto wadogo waliuawa mkoani Njombe, na viongozi wa serikali waliyahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina za kutafuta utajiri. Ndugu zangu, anayetafuta hirizi ya kumkinga na umaskini hatimaye aweza kufika mahali pa kumwaga damu ya mtoto. Njia hiyo huanza na hatua ndogo, nasi yatupasa kuikataa katika hatua yake ya kwanza, hata kama hirizi hiyo imevikwa jina la Yesu.

Tuna pia dhoruba ya ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa miaka ya 2022 na 2023 ulionyesha kwamba katika mkoa wetu wa Njombe asilimia 12.7 ya watu wazima wanaishi na virusi vya ukimwi, kiwango cha juu kuliko mikoa mingine yote. Karibu hakuna ukoo usio na kaburi la ugonjwa huu. Kwa anayeishi navyo nasema kwa upendo wa kichungaji: akujiaye na kukuambia kwamba ukiwa na imani uache dawa, huyo anakuuzia maji ya Ngarambe. Mnapomeza vidonge vyenu kila jioni kwa wakati, mkasali, mkalala, mnafanya alichofanya Paulo alipowahimiza watu wale ili wapate nguvu. Hiyo ndiyo imani.

Tena maji yenye baraka, mafuta matakatifu na rozari tulivyo navyo katika Kanisa tusivigeuze kuwa hirizi. Visakramenti hutufungulia moyo kwa neema ya Mungu. Havimfungi Mungu mikono wala kumlazimisha.

Juma hili napendekeza mambo mawili. La kwanza, kila jumuiya ndogondogo isome Mk 4:35-41 na kumtaja kwa sala mtu mmoja aliye katika dhoruba, kisha mmoja wenu aende kumwona nyumbani kwake kabla ya Dominika. La pili, muulizeni bibi au babu aliye hai: nani alifundisha sala katika kijiji chetu wakati hapakuwa na padre? Liandikeni jina hilo, na lisomwe katika nia za Misa.

Ee Bwana, uliyelala katika mashua iliyokuwa ikijaa maji, utujalie kuamini kwamba umo hata unaponyamaza. Uwape pumziko la milele waliokufa Yakobi, Mikukuyumbu na Songea, waliokuwa ndani na waliokuwa nje ya kuta. Uzitunze mashua zote zinazofuatana nawe, hata siku ile utakapotufikisha sote ng'ambo. Amina.