Upimaji wa kasi ya amilasi

Jaribio la maabara la kupima jinsi amilasi, kimeng'enya kilichomo kwenye mate, inavyovunja wanga kuwa maltosi. Mchanganyiko huwekwa katika maji ya nyuzi 37 za Selsiasi, na kila baada ya sekunde 30 tone lake hudondoshwa kwenye iodini. Rangi ya buluu-nyeusi huonyesha wanga bado upo. Iodini ikibaki na ukahawia wake, muda huandikwa; 1 ikigawanywa kwa muda huo hupatikana kasi, japo ya wastani tu. Udhaifu ni jicho: wawili hawakubaliani kwa urahisi buluu imeisha lini, hivyo kolorimita ni bora. Mate yaliyochemshwa hayavunji kitu, kwani joto huharibu umbo la kimeng'enya. Mwaka 1833, Wafaransa Payen na Persoz walitenga kimeng'enya cha aina hii kutoka kwenye kimea cha shayiri.