Mavi ya Chuma na Jina la Saruji: Mgogoro wa Ujerumani, 1862–1917

Mwaka 1862, Mjerumani Emil Langen alibaini kwamba mavi ya chuma yakipozwa ghafla kwa maji, kisha yakachanganywa na chokaa, huganda na kuwa magumu mfano wa saruji. Hata hivyo, miaka 47 ilipita kabla ya saruji ya aina hiyo kupata kiwango rasmi nchini humo. Kuchelewa huko hakuelezwi na kemia pekee. Kiini chake kilikuwa jina.

Mavi ya chuma hutokana na chokaa mawe inayotiwa tanurini ili kunasa uchafu wa mtapo. Yakipoa polepole hugeuka jiwe la fuwele, linalofaa kokoto za barabara. Yakimwagiwa maji yangali moto, fuwele hukosa muda wa kujijenga, na hubaki chembechembe zenye umbo la kioo. Chembe hizo zikisagwa zina uwezo wa kuganda, lakini uwezo huo umelala. Huuamsha chokaa, ambayo klinka ya saruji ya Portland huitoa yenyewe inapokutana na maji.

Chama cha watengenezaji saruji ya Portland wa Ujerumani, kilichoundwa mwaka 1877, kilikuwa na hoja nzito kuliko inavyodhaniwa. Mavi yaliyopozwa polepole na yaliyopozwa ghafla, yakishasagwa, ni vigumu kuyatofautisha kwa macho. Mnunuzi aliyeuziwa mchanganyiko dhaifu kwa jina la Portland angejua siku ukuta utakapopasuka. Ndiyo maana mwaka 1885 wanachama walijifunga kutoita Portland saruji yoyote iliyoongezwa vitu vingine baada ya kuchomwa. Ulinzi wa soko ulikuwemo, bila shaka. Lakini kuuona msimamo huo kama wivu wa kibiashara tu ni kuwaonea.

Wenye viwanda vya chuma walijibu kwa kuipa bidhaa yao jina lake: Eisenportlandzement, yaani Portland ya chuma. Kiwango cha mwaka 1909 kiliruhusu mavi yasiyozidi asilimia 30. Mwaka 1917, katikati ya Vita Kuu, kilifuata kiwango cha Hochofenzement, saruji yenye mavi mengi zaidi. Hivyo mgogoro ulimalizwa na kiasi kilichotajwa waziwazi. Uingereza ilifuata kwa kiwango chake mwaka 1923. Kiwango cha Ulaya cha sasa, ambacho ndicho asili ya herufi CEM zinazosomeka kwenye mifuko ya saruji Afrika Mashariki, kinaruhusu mavi hadi asilimia 95 katika daraja la CEM III/C.

Sababu ya kuyatumia mavi hayo nayo imebadilika. Langen alikabili marundo ya taka. Leo hesabu ni ya hewa ya ukaa, kwani kila tani ya klinka hutoa takribani nusu tani ya hewa hiyo kutoka kwenye chokaa mawe yenyewe, mbali na kuni au makaa. Lakini matanuri yanayotoa mavi yenyewe yanazimwa. Tanuri la mwisho la Port Talbot, Wales, lilizimwa Septemba 2024 ili kupisha tanuri la umeme, ambalo mavi yake yana oksidi nyingi ya chuma na kwa kawaida hayawezi kuchukua nafasi ya yale ya Langen.