Mkataba wa Sib na Swali Lililoachwa Wazi

Afisa wa jeshi au mtumishi wa serikali anayesomea sera ya usalama wa taifa katika ngazi ya uzamili, awe Kunduchi jijini Dar es Salaam, Karen jijini Nairobi, au Oman, ambako chuo cha ulinzi wa taifa kilianzishwa mwaka 2013, hujifunza mapema kwamba nchi hailindwi kwa bunduki peke yake. Kuna ushuru, kuna njia za biashara, na kuna suala la nani anamkubali nani kuwa mtawala. Mambo yote matatu yamo katika mkataba mmoja mfupi uliotiwa saini Sib, magharibi ya Maskati, tarehe 25 Septemba 1920. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki mkataba huo una uzito zaidi, kwa kuwa ukiufuata hadi mizizi yake utafika Unguja.

Said bin Sultan, aliyetawala Maskati na Unguja pamoja, alifariki baharini mwaka 1856 akiwa safarini kutoka Maskati kurudi Unguja, na wanawe wakagombea urithi. Thuwaini alikuwa ameshika Maskati, Majid ameshika Unguja. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Kiingereza wa India, aliamua kwamba dola igawanywe, na Unguja, iliyokuwa tajiri zaidi, iilipe Maskati reale 40,000 kila mwaka. Baadaye Waingereza wenyewe ndio waliobeba malipo hayo. Maskati ilibaki na jina kubwa na mfuko mtupu, na mfuko wenyewe ukawa mikononi mwa mgeni. Meli za moshi nazo zilikuwa zikiwanyang'anya wenye majahazi biashara yao.

Umaskini huo ulikuwa na matokeo ya kisiasa. Masheikh wa bara ya Oman hawakuwa watu wa kuamrishwa. Walizoea kupewa ruzuku na heshima, na Sultani asiye na cha kutoa hakuwa na cha kuwashikia. Alilazimika kuwategemea Waingereza, nao walikuwa na matakwa yao. Mwaka 1873 Sultani Turki alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1912 ikaja zamu ya bunduki: silaha zote zilizoshushwa Maskati ziliwekwa katika ghala moja, chini ya usimamizi, ili zisivuke kwenda mpaka wa India. Kwa mtu wa kabila, bunduki ilikuwa mali, ulinzi na hadhi. Ghala lile lilimgusa pabaya.

Mwezi Mei 1913, huko Tanuf, wanazuoni na masheikh walimchagua Salim bin Rashid al-Kharusi kuwa Imamu. Mwanachuoni Nur al-Din al-Salimi, aliyekuwa kipofu, ndiye aliyeijenga hoja ya uchaguzi huo, na Isa bin Salih al-Harthi wa Sharqiya akaitilia nguvu. Unguja nako, kadhi na mshairi Abu Muslim al-Bahlani alikuwa akitunga mashairi ya kuuhimiza uimamu. Nizwa, mji mkuu wa bara, ikaangukia mikononi mwao mwaka huohuo.

Wanahistoria wanavutana hapa. Wako wanaosema chanzo kilikuwa dini, kwa sababu mafundisho ya Kiibadhi, madhehebu ya watu wa bara, yanataka Imamu achaguliwe, si arithi kiti. Wengine wanasema ni uchumi na silaha, na dini ilikuwa bendera tu. Nionavyo mimi, ghala la mwaka 1912 linaeleza kwa nini moto uliwaka wakati ule hasa, lakini haliwezi kueleza kwa nini uimamu ule uliendelea kuishi zaidi ya miaka 40. Kabila lililokasirikia ghala hupiga na kurudi nyumbani. Hawa waliweka makadhi, wakakusanya zaka na kutawala.

Januari 1915 wapiganaji wapatao 3,000 walishuka kushambulia Bait al-Falaj, karibu na Matrah. Wanajeshi wa Kihindi chini ya Waingereza waliwarudisha nyuma. Ikadhihirika kwamba watu wa bara hawawezi kuichukua Maskati, wala Sultani Taimur bin Faisal hana jeshi la kupanda milimani. Ndipo vita vikahamia kwenye tende.

Bara ya Oman ilipata mchele na vitambaa kwa kuuza tende, na tende zilifika sokoni kwa mgongo wa ngamia kupitia bonde la Sumail, linalokata milima na kuishia uwanda wa pwani upande wa Sib. Anayeshika forodha za pwani anashika koo la bara. Ronald Wingate, mwakilishi wa Uingereza Maskati, aliliona hilo, na mwaka 1920 ushuru wa bidhaa za bara ukapandishwa hadi asilimia 25. Mwezi Julai Imamu Salim aliuawa usiku akiwa amelala, na nafasi yake ikachukuliwa na Muhammad bin Abdullah al-Khalili, aliyekuwa tayari zaidi kusikiliza. Miezi miwili baadaye pande zote zilikutana Sib.

Aliyezungumza kwa niaba ya Sultani alikuwa Wingate mwenyewe. Mazungumzo yalikwama juu ya cheo kimoja. Watu wa bara walitaka Imamu atajwe kwa cheo chake, na Wingate akakataa, akijua kwamba kumtaja ni kukiri kuwa nchi ina watawala wawili. Suluhisho likawa Isa bin Salih aandikwe kuwa anazungumza kwa niaba ya watu wa Oman.

Kila upande ulifungwa na masharti manne. Ushuru usizidi asilimia 5. Watu wa bara waingie na kutoka miji ya pwani bila kizuizi na wawe salama humo. Sultani asiwape hifadhi wahalifu wanaokimbia hukumu ya bara, wala asiingilie mambo yao ya ndani. Watu wa bara, kwa upande wao, wasishambulie pwani wala kuingilia serikali ya Sultani, wasafiri na biashara wapite kwa amani, wahalifu wa pwani wasipate kimbilio bara, na madai ya wafanyabiashara yaamuliwe kwa sheria ya Kiislamu. Nani ndiye mtawala wa Nizwa? Mkataba haukusema.

Je, zilikuwa nchi mbili, au nchi moja yenye mikoa iliyoachiwa kujitawala? Wafuasi wa Imamu walishikilia jibu la kwanza, Sultani na Waingereza la pili, na maandishi yanaubeba kila upande. Mtu anaweza kuuita utata huo udhaifu. Mimi nauona kuwa ndio uliouwezesha mkataba kutiwa saini, na amani ikakaa miaka 35 kwa sababu hakuna upande uliolazimika kupata jibu.

Mafuta ndiyo yaliyolidai. Mwaka 1937 Sultani Said bin Taimur aliipa kampuni ya Iraq Petroleum haki ya kutafuta mafuta, na ardhi yenye matumaini ilikuwa bara, ambako amri yake haikufika. Kampuni haichimbi mahali ambapo haijui ni saini ya nani inayokubalika. Mwaka 1952 Saudia iliingia Buraimi, oasisi ya mpakani, na Mei 1954 Imamu al-Khalili akafariki. Mrithi wake, Ghalib bin Ali al-Hinai, aliomba uanachama wa Umoja wa Nchi za Kiarabu, jambo ambalo dola tu ndiyo hulifanya. Desemba 1955 jeshi la Sultani, ambalo sehemu yake iligharimiwa na kampuni ya mafuta, liliingia Nizwa bila upinzani. Mwaka 1957 Talib, nduguye Ghalib, aliwasha uasi, na ilihitajika ndege na makomando wa Kiingereza hadi Januari 1959 kuushinda katika milima ya Jabal Akhdar. Mkataba wa Sib ukawa kielelezo cha mabishano Umoja wa Mataifa katika miaka ya 1960, kila upande ukisoma masharti yaleyale kwa macho yake.

Mafuta yalianza kusafirishwa mwaka 1967. Qaboos bin Said alipochukua madaraka Julai 1970 alikuta nchi yenye shule tatu tu, lakini alikuwa na kile ambacho Taimur hakuwa nacho, yaani mapato yake mwenyewe. Akawaita nyumbani Waomani waliokuwa ng'ambo, na wengi waliotoka Unguja, wenye elimu na Kiswahili chao, wakaingia katika ofisi za serikali mpya. Jina la Maskati na Oman likafutwa mwaka huohuo, nchi ikaitwa Usultani wa Oman.