Neno “kiln” na Nasaba Yake ya Jikoni

Neno la Kiingereza “kiln”, ambalo kwa kawaida hufasiriwa kwa Kiswahili kuwa tanuri, hutaja mahali panapotunza joto ili kitu kilichowekwa humo kibadilike hali yake: udongo uwe chungu au tofali, mawe yawe chokaa, shayiri iliyochipua ikauke, mbao mbichi zitokwe na maji. Tafsiri hiyo si kosa, lakini huficha jambo lenye thamani, kwa kuwa neno lenyewe lilizaliwa jikoni, na Kiswahili kina neno jingine, lenye nasaba hiyohiyo, ambalo limeachwa lififie.

Asili yake ni neno la Kilatini “culina”, yaani jiko, kwa maana zote mbili za chumba cha upishi na mahali pa moto. Lilipokelewa katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, likachukua sura ya “cylene”, na huko likaacha vyungu vya mchuzi. Kwa mkate watu hao walikuwa na neno “oven”, walilorithi kutoka lugha za jamii ya Kijerumani. Neno la Kirumi likashika moto wa mafundi. Matamshi nayo yana historia yake, kwa sababu kwa karne nyingi herufi “n” ya mwisho ilimezwa, hivi kwamba wachomaji wenyewe walisema “kil”. Ndivyo ilivyolikuta pia neno “mill”, jina la kinu, ambalo zamani lilikuwa “mylen” na ambalo lilipoteza “n” hata katika maandishi, ikabaki katika majina ya ukoo kama Milne. Katika “kiln” maandishi hayakubadilika, na wasomaji waliolijua neno kwa macho kabla ya kulisikia wakairudisha “n” kinywani, kiasi kwamba siku hizi matamshi yote mawili hukubalika.

Wengi hudhani kwamba kinachotenganisha “oven”, “kiln” na “furnace” ni ukali wa moto, dhana ambayo haisimami ikipimwa kwa mifano. Chumba cha kukaushia mbao, ambacho nacho huitwa “kiln”, kwa kawaida hakifikii joto la maji kuchemka, ilhali kile cha saruji hufika nyuzi 1450 hivi za selsiasi. Tofauti imo katika kazi. “Furnace”, neno lililopitia Kifaransa kutoka Kilatini “fornax”, huyeyusha madini au huzalisha joto la kutumiwa kwingine, kama vile kuchemshia maji. “Kiln” hutoa maji au gesi ndani ya kitu, au huzishikamanisha chembe zake, bila kukiacha kitu kizima kimiminike. Chokaa ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote: jiwe likipata joto la nyuzi 900 hivi huachia hewa ya kaboni, na katika kila kilo 100 za jiwe safi hubaki kilo 56 za chokaa isiyozimwa.

Hata hivyo mafundi hawagawi maneno kama wanavyoyagawa wanazuoni, na hilo huonekana vizuri zaidi Stoke-on-Trent, mji wa wafinyanzi katikati ya Uingereza, ambako majengo ya matofali yenye umbo la chupa yaliwahi kufikia 2000 hivi. Ndani ya kila chupa mlikuwa na chumba cha moto, kikizungukwa na midomo ya kulishia makaa ya mawe, na vyombo vilipangwa ndani ya makasha ya udongo mgumu ili moshi usivichafue. Wageni huyaita yote “kiln”, lakini wafanyakazi wa mji huo waliita “oven” yale makubwa yaliyochoma udongo mara ya kwanza na tena baada ya kupakwa rangi ya kung'aa, wakaliweka neno “kiln” kwa yale madogo yaliyokaza mapambo. Anayeandika historia ya mji huo bila kuheshimu mgawanyo huo huwanyang'anya mafundi lugha yao. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1956 iliharakisha mwisho wa majengo hayo, na mwaka 1978 moja lilichomwa kwa mara ya mwisho huko Longton, kwa juhudi za makumbusho ya Gladstone, ili maarifa ya kazi hiyo yahifadhiwe.

Viwanda vilikuwa vimekwisha kulipeleka neno hilo kwingine. Mjerumani Friedrich Hoffmann alipata hataza mwaka 1858 ya duara la vyumba ambamo matofali hutulia na moto ndio unaozunguka. Mwingereza Frederick Ransome, mwaka 1885, akaugeuza mpango huo kwa bomba kubwa linalozunguka, ambamo moto hukaa mwisho mmoja na malighafi huteremka kuufuata.

Kiswahili, kwa upande wake, kilipokea “tannur” ya Kiarabu, jina la kale la tanuri la mkate lililokuwemo tayari katika Kiakadi kwa sura ya “tinuru”, na ambalo Wahindi hulisema “tandoor”. Neno hilo limo katika Kurani, katika kisa cha gharika ya Nuhu, na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili hulikuta kama tanuru katika kitabu cha Danieli. Heshima hiyo imelifanya libebe kila kitu, kuanzia mkate hadi matofali na mkaa. Lakini wafinyanzi wana joko, mahali pa kuchomea vyungu, neno ambalo ni ukubwa wa jiko. Bila kujuana, Kiswahili na Kiingereza vilifuata njia moja, kila kimoja kikilikuza jiko mpaka likawa mahali pa kuchomea udongo, na kwa sababu hiyo joko linastahili kutangulia mbele ya tanuri katika kamusi panapofasiriwa “kiln”.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, wachomaji chokaa walipanga mawe ya matumbawe juu ya rundo la magogo lililo wazi, lisilo na ukuta wala paa, na wanaakiolojia wanaoandika Kiingereza huliita rundo hilo “kiln” bila kusita. Chokaa ya aina hiyo ndiyo iliyoshikamanisha kuta za Kilwa Kisiwani. Na mawe ya matumbawe ya kale ndiyo yaliyoanza kuingizwa katika mitambo ya saruji ya Bamburi, karibu na Mombasa, mwaka 1954.